Kibodi ndogo za miaka ya 1980: kwa nini bado zinatafutwa, kufunguliwa na kutengenezwa?

Ukiandika ujumbe kwenye simu ya kugusa, kidole chako kinapiga kioo. Herufi unazoziona ni picha tu. Ndiyo maana simu nyingi hutoa mtetemo mdogo au mlio kila unapogusa herufi, ili ujue imeingia. Mtetemo huo umewekwa ili kurudisha kitu ambacho vitufe halisi vilikuwa nacho tangu zamani, yaani jibu linalorudi kwenye kidole.

Wapo watu Marekani, Ulaya, Japani na kwingineko ambao jibu la mtetemo haliwatoshi. Wanatafuta kibodi za kompyuta zilizotengenezwa miaka 30 au 40 iliyopita, hasa zile ndogo. Wanazifungua, wanaziosha, wanabadilisha skrubu na nyaya, kisha wanaziunganisha na kompyuta za leo. Nyingi za kibodi hizo zilitupwa pamoja na kompyuta zake pale ofisi zilipopata mashine mpya. Leo moja tu, ikiwa nzima, inaweza kuuzwa kwa bei inayozidi kibodi mpya kumi za kawaida.

Katika makala hii tunaeleza kibodi hizo ni zipi, zinafanyaje kazi kwa ndani, na kwa nini watu wanahangaika nazo. Kwa mtu asiye na kompyuta jambo hili linaweza kuonekana la mbali. Lakini ndani yake kuna swali linalomhusu kila mwenye simu, redio au taa ya umeme wa jua: kifaa ulichonunua kikiharibika, kinaweza kufunguliwa na kutengenezwa, au safari yake imeishia hapo?

Kibodi ya mpira na kibodi ya kimakanika

Njia rahisi ya kuelewa tofauti ni kufungua remoti ya televisheni au ya king'amuzi ambayo haifanyi kazi tena. Ndani yake utakuta kipande cha mpira laini chenye vinundu, kila kinundu chini ya kitufe chake. Ukibonyeza kitufe, kinundu kinabonyea na kugusa bodi ya umeme iliyo chini, na bodi inajua namba gani imebonyezwa. Ukiachia, mpira unajirudisha wenyewe.

Kibodi nyingi za bei nafuu zinafanya kazi kwa mtindo unaofanana na huo. Kuna mpira mmoja mpana wenye vinundu, na chini yake karatasi za plastiki zilizochorwa mistari ya kupitisha umeme. Ni rahisi kutengeneza, hazina kelele, na bei yake ni ndogo. Ubaya wake unajulikana na kila mwenye remoti iliyozeeka. Mpira hukakamaa au hulegea, na baada ya muda unalazimika kubonyeza kwa nguvu, mara mbili au tatu, ndipo stesheni ibadilike.

Kibodi ya kimakanika haitegemei kinundu cha mpira. Kila kitufe kina springi yake na sehemu zake zinazotembea. Katika nyingi, kila kitufe kina swichi yake kamili, kama ile ya taa ukutani lakini ndogo kuliko ncha ya kidole. Swichi moja ikifa, fundi anaitoa hiyo moja na kuweka nyingine. Vitufe vingine vinabaki kama vilivyo.

Springi inayopinda

Kibodi za zamani zinazotajwa kuliko zote ni za kampuni ya IBM ya Marekani. Mwaka 1978 mhandisi wa kampuni hiyo, Richard Hunter Harris, alipewa hataza ya Marekani kwa ubunifu wa springi inayopinda. Kuielewa huhitaji kuwa mhandisi.

Chukua ufito mwembamba, usimamishe chini, kisha uubonyeze kwa kiganja kutoka juu. Mwanzoni ufito unakaza, na kadiri unavyoongeza nguvu ndivyo unavyokataa. Halafu ghafla unapinda kwa pembeni, na mkono wako unashuka bila kizuizi. Springi iliyo chini ya kitufe cha IBM inafanya hivyohivyo. Inabanwa, inakataa, halafu inapinda kwa ghafla. Inapopinda, kitako chake kinainua au kulaza kinyundo kidogo cha plastiki, na kinyundo hicho ndicho kinachopeleka ishara kwamba herufi imeandikwa. Wakati huohuo springi inapiga ukuta wa kijibomba ilichomo, na sauti ya "tak" inatoka.

Kwa hiyo sauti ile si pambo. Mlio, kulegea kwa kitufe chini ya kidole, na ishara ya herufi hutokea pamoja, kwa kitendo kimoja. Mwandishi anajua herufi imeingia hata kabla kitufe hakijafika chini. Hana haja ya kutazama mkono wake wala kugonga kwa nguvu.

Kulikuwa na sababu ya kibiashara pia. IBM ilikuwa mtengenezaji mkubwa wa taipureta za umeme, na wateja wa kompyuta zake walikuwa makarani na makatibu muhtasi waliozoea taipureta. Wasomaji wetu wenye umri mkubwa wanaikumbuka mashine hiyo katika ofisi ya wilaya, mahakamani au misheni: ukipiga herufi, unaisikia na unaihisi. Mtu wa namna hiyo akipewa kibodi isiyojibu, anakosa imani nayo.

IBM ilipoanza kuuza kompyuta yake binafsi mwezi Agosti 1981, ilikuja na kibodi ya vitufe 83 inayojulikana leo kama Model F. Mwaka 1985 ikaanza kutengenezwa Model M, ambayo gharama yake ilikuwa ndogo zaidi. Toleo lake la Marekani lilikuwa na vitufe 101. Ukiiona kibodi kubwa ya kompyuta leo katika stationeri au shuleni, tazama jinsi vitufe vilivyopangwa: mstari wa juu wa F1 hadi F12, mishale katika kundi lake, namba upande wa kulia. Mpangilio huo ulienea duniani kupitia kibodi ile.

Tofauti ya Model F na Model M iko chini ya kinyundo. Katika Model F kinyundo hakigusishi nyaya zozote. Kinakaa juu ya bodi, na umeme wa kibodi unahisi badiliko dogo la chaji kinapotembea. Katika Model M kinyundo kinabonyeza karatasi tatu za plastiki zilizopangwa pamoja, mbili kati yake zikiwa na mistari ya umeme. Ndiyo maana wapenzi wa kibodi hubishana kama Model M inastahili kuitwa ya kimakanika kamili. Mkono unaoitumia hausikii ubishi huo, kwa sababu springi ni ileile.

Kuna jambo jingine linalowavutia, nalo ni herufi zenyewe. Katika kibodi nyingi za bei ndogo, herufi zimepakwa rangi juu ya kitufe, na baada ya mwaka mmoja au miwili A na E zinafutika. Katika kibodi za IBM tunazozungumzia, rangi iliingizwa ndani ya plastiki kwa joto, kama rangi inavyoingia ndani ya uzi wa kitambaa. Huwezi kuikwangua kwa ukucha. Kibodi ya mwaka 1988 inaweza kuwa imetumiwa kila siku na herufi zake bado zinasomeka.

Kwa nini zile ndogo?

Model M ya kawaida ina upana wa karibu nusu mita na uzito unaozidi kilo 2, kwa sababu ndani yake kuna bamba la chuma lililopindwa kama upinde mpana. Ni kifaa kizuri kwa meza ya ofisi kubwa, lakini kinakula nafasi.

Mwaka 1987 IBM ilitoa toleo dogo, lenye jina linalomaanisha kibodi ya kuokoa nafasi. Sehemu yote ya namba ya upande wa kulia ilikatwa, na upana ukashuka hadi kama sentimita 40. Vitufe, springi na bamba la chuma vilibaki vilevile. Wakati huo ofisi nyingi zilitaka sehemu ya namba kwa ajili ya hesabu, hivyo toleo dogo halikununuliwa kwa wingi kama lile kubwa. Uchache huo ndio unaolipandisha bei leo.

Halikuwa peke yake. Kompyuta ya kwanza ya Macintosh ya kampuni ya Apple, iliyotoka mwaka 1984, ilikuja na kibodi fupi isiyo na sehemu ya namba wala mishale. Apple ilitaka watu wazoee kutumia mausi, kifaa ambacho kilikuwa kigeni kwa wengi. Waya wake ulikuwa wa kujikunja na wenye kichwa kama cha waya wa mkono wa simu ya mezani. IBM nayo ilitengeneza kibodi ya vitufe 62 kwa ajili ya mashine za kaunta za benki, zenye jina la 4704. Gamba lake ni la chuma. Iliyokuwa kifaa cha karani wa benki sasa ni moja ya vitu vinavyotafutwa mno na wakusanyaji.

Huko Japani, Eiiti Wada, profesa wa Chuo Kikuu cha Tokyo, alikuwa akichoshwa na jambo moja: kila kompyuta mpya ilikuja na kibodi yenye mpangilio wake, na vidole vilipaswa kujifunza upya. Mwaka 1996 kampuni ya PFU ilianza kuuza kibodi iliyotokana na mawazo yake, Happy Hacking Keyboard, yenye vitufe 60 tu. Wada alifananisha kibodi na tandiko la farasi. Mchunga ng'ombe wa Marekani, farasi wake akifa njiani, humwacha farasi lakini huondoka na tandiko, kwa sababu tandiko limeshauzoea mwili wake. Mkulima wetu anaelewa jambo hilo kwa jembe. Jembe likilika ananunua jingine, lakini mpini uliouzoea mkono anauhamisha. Kwa Wada, kompyuta ndiyo inayopita, na kibodi ndiyo ya kukaa nayo.

Matoleo ya kwanza ya kibodi hiyo hayakuwa na springi za aina ya IBM. Toleo linalosifiwa zaidi lilitoka mwaka 2003, likitumia swichi za kampuni ya Topre ya Japani, ambazo zinachanganya kinundu cha mpira, springi yenye umbo la pia na uhisi wa chaji. Matoleo yaliyolifuata bado yanatengenezwa, na bei yake inazidi dola 200 za Marekani.

Vitufe 60 vinatoshaje?

Hili ndilo swali ambalo mtu huuliza kwanza, na jibu lake liko kwenye simu yako. Jaribu kuandika neno "ng'ombe". Ukifika kwenye alama ya ritifaa, ile ya juu baada ya g, kwenye simu nyingi huioni kati ya herufi. Unabonyeza kitufe cha namba na alama, kibodi yote inabadilika, unaichukua alama yako, kisha unarudi kwenye herufi. Kitufe kilichokuwa herufi fulani kimefanya kazi mbili.

Kibodi ndogo za kompyuta zinatumia njia hiyohiyo. Unashikilia kitufe kimoja cha pembeni, na wakati umekishikilia vitufe vingine vinapata kazi ya pili: vinne vinakuwa mishale, vingine vinakuwa F1 hadi F12. Tofauti na simu ni kwamba kwenye kibodi hizi mwenye kifaa anaweza kupanga mwenyewe kazi ya pili ikae wapi.

Faida yake ni safari fupi ya mkono. Vidole haviondoki mahali pake kwenda kutafuta mishale, na mausi inakaa karibu na mkono wa kulia badala ya kusukumwa mbali na sehemu ya namba. Mtu anayeandika saa nane kwa siku analiona hilo. Mtu anayeandika barua moja kwa wiki pengine hataliona.

Watundu wanafanya nini nazo?

Kupata kibodi ya zamani ni mwanzo tu. Kazi inayofuata ndiyo inayowapa raha watu hawa, na ni kazi ambayo fundi redio yeyote angeielewa.

Kwanza ni usafi. Vitufe vinang'olewa kimoja kimoja na kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Chini yake hukutwa vumbi la miaka 30, nywele, makombo ya mkate na pini za karatasi. Nyuma ya Model M kuna lebo yenye namba ya aina na tarehe ya kutengenezwa, na wapo wanaotafuta iliyotengenezwa mwaka waliozaliwa.

Pili ni ugonjwa unaojulikana wa Model M. Bamba la chuma na fremu ya plastiki yenye springi vilishikanishwa kwa vichwa vidogo vya plastiki vilivyoyeyushwa kiwandani. Plastiki hiyo inazeeka na kukatika. Ukiitikisa kibodi, unasikia vipande vinagonga ndani. Vikikatika vingi, bamba linaachia na vitufe vinapoteza mlio wake. Dawa yake ni kukwangua mabaki yote, kutoboa matundu madogo kwa uangalifu, na kufunga skrubu na nati za milimita 2. Ni kazi ya kuchosha yenye matundu mengi, na ukitoboa vibaya fremu inapasuka. Ikifanywa vizuri, kibodi inakuwa imara kuliko ilivyotoka kiwandani, na safari nyingine inaweza kufunguliwa kwa bisibisi.

Tatu ni lugha. Kibodi ya mwaka 1984 haizungumzi na kompyuta ya leo. Plagi yake ni tofauti, na hata ishara inazotuma ni tofauti. Hapo mtundu anaweka bodi ndogo yenye chipu, isiyozidi urefu wa kidole, kati ya kibodi na kompyuta. Chipu inasoma ishara za zamani na kuzigeuza kuwa za USB. Programu inayowekwa ndani ya chipu hizo, kama vile TMK na QMK, ziko wazi: mtu yeyote anaweza kuzipata bure, kuzisoma na kuzibadilisha. Hapo ndipo kibodi ya zamani inapopata uwezo ambao haikuwa nao, yaani kila kitufe kupangiwa kazi unayotaka.

Nne ni sura. Plastiki ya rangi ya maziwa huwa ya njano ikikaa kwenye jua miaka mingi. Wapo wanaoipaka haidrojeni peroksaidi na kuiacha kwenye mwanga mpaka irudi karibu na rangi yake ya kwanza. Dawa hiyo inaunguza ngozi na macho, na wanaoijua huvaa glavu na miwani. Wengine huacha njano ibaki, wakisema ni umri wa kifaa.

Zilikwenda wapi?

Model M zilitengenezwa katika viwanda vikiwemo cha Lexington, jimbo la Kentucky huko Marekani, mahali ambapo IBM ilikuwa ikitengeneza taipureta zake, na cha Greenock huko Scotland. Katika miaka ya 1990 kompyuta zilishuka bei haraka. Kibodi ikawa kitu cha kutiwa bure ndani ya boksi, na kila kampuni ilitafuta pa kupunguza gharama. Mnunuzi aliuliza kasi ya kompyuta na ukubwa wa diski yake. Hakuuliza chini ya vitufe kuna nini. Mpira ukashinda.

Mwaka 1991 IBM ilitenga kiwanda cha Lexington kikawa kampuni nyingine, Lexmark. Mwaka 1996 Lexmark ilipoachana na kibodi, kampuni mpya iitwayo Unicomp, iliyohusisha watu waliokuwa wakifanya kazi hapo, ilichukua mitambo na haki za kuzitengeneza. Unicomp bado inauza kibodi zenye springi inayopinda, pamoja na vipuri. Mwaka 2021 ilianza kuuza tena kibodi fupi inayofanana na ile ya IBM ya mwaka 1987. Hata ile ya benki ya vitufe 62 imetengenezwa upya, kwa sababu wapenzi walikuwa tayari kulipia kabla ya kuiona.

Upande wa swichi za moja moja, kampuni ya Cherry, iliyoanzia Marekani na kuhamishia uzito wake Ujerumani, ilianza kuuza swichi zake za MX katika miaka ya 1980. Hataza zake zilipokwisha muda katika miaka ya 2010, viwanda vya China kama Gateron na Kailh vilianza kutengeneza swichi zinazoingia kwenye nafasi ileile. Bei zikashuka na aina zikaongezeka. Leo zipo kibodi ndogo mpya ambazo swichi zake zinachomolewa kwa koleo ndogo bila kulehemu, na kuwekwa nyingine. Soko hilo lilikua kutokana na watu wachache waliokuwa wakiokota kibodi za zamani na kuuliza kwa nini mpya si nzuri kama hizo.

Si kila kitu ni sifa

Tusiwadanganye wasomaji wetu. Kibodi hizi zina kasoro zake. Kelele ni ya kwanza: Model M ikipigwa usiku, chumba cha pili wanasikia. Ya pili, ukibonyeza vitufe vitatu au zaidi kwa pamoja, Model M inaweza kukosa kusoma kimoja, kwa sababu ya jinsi mistari yake ya umeme ilivyochorwa. Ya tatu, chai ikimwagika juu yake, karatasi za ndani zinaweza kuharibika kabisa, na kuzifikia lazima ukate vile vichwa vya plastiki tulivyovieleza.

Zipo lawama pia kuhusu wapenzi wenyewe. Kompyuta ya zamani bila kibodi yake mara nyingi haiwezi kutumika. Mtu akinunua mashine nzima, akachukua kibodi na kuitupa iliyobaki, amewanyima wanaohifadhi kompyuta za zamani kitu kisichopatikana tena. Wengine wamechukua vitufe tu na kutupa kilichobaki. Wahifadhi wana haki ya kulalamika.

Na kibodi haimfanyi mtu kuwa mwandishi bora. Barua nzuri huandikwa kwa simu ya kitochi, kwa kalamu, kwa chochote. Sehemu ya mapenzi haya ni kumbukumbu za utotoni na raha ya kumiliki kitu ambacho wengine hawana. Anayenunua kwa bei kubwa kwa sababu hizo anajua anacholipia.

Hili linamhusu vipi mwenye simu kijijini?

Ukiondoa kumbukumbu na sifa, linabaki jambo moja lisilo na ubishi. Kifaa cha mwaka 1987 kinafanya kazi leo kwa sababu kinaweza kufunguliwa, vipuri vyake vinapatikana, na maarifa ya kukitengeneza yako wazi kwa anayetaka kujifunza. Pale ambapo waliokitengeneza waliziba njia, kama kwenye vile vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa, ndipo kinapokufa na ndipo watundu wanapotoka jasho. Uzee peke yake haukuiua kibodi wala haukuiokoa.

Vifaa vingi havipati bahati hiyo. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa inavyopaswa. Ndani ya taka hizo mna simu ambazo tatizo lake lilikuwa betri tu.

Baadhi ya nchi zimeanza kuchukua hatua. Januari 2021 Ufaransa ilianza kuwataka wauzaji wa simu, kompyuta mpakato na vifaa vingine kadhaa waonyeshe alama chini ya kumi, inayosema kifaa kinatengenezeka kwa urahisi gani. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni ya betri, na kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi vya kubebeka zinatakiwa ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Kanuni hizo ni za huko, lakini maswali yake unaweza kuyauliza hapa, dukani au kwa fundi, kabla hujatoa pesa yako:

– Betri inatoka kwa mkono, au imegundishwa ndani?

– Gamba limefungwa kwa skrubu, au kwa gundi?

– Sehemu ya kuchajia, inayoharibika kwanza kwenye simu nyingi, inabadilishwa yenyewe, au lazima bodi nzima?

– Fundi wa karibu ameshawahi kuitengeneza aina hii, na vipuri anavipata wapi?

– Ikifa kabisa, kuna sehemu inayoweza kuokoa kifaa kingine?

Simu ya kitochi hufaulu maswali mengi kati ya hayo. Simu ya bei kubwa yenye kioo mbele na nyuma inaweza kushindwa yote. Hatusemi usiinunue, kwa kuwa inafanya kazi ambazo kitochi hakiwezi. Tunasema bei uliyoambiwa dukani ni nusu tu ya bei. Nusu ya pili utaijua siku itakapoanguka, na inafaa uiulize mapema.